Dhihaka Isiyo na Sura: Khanga, Mipasho na Ushindani wa Khadija Kopa na Nasma Khamis

Katikati ya karne ya 18, mchoro mmoja uliochapwa London uliwapima waigizaji mashuhuri kwenye mizani: David Garrick peke yake akawazidi uzito James Quin na wenzake. Mnunuzi alitambua mara moja aliyechekwa, kwa kuwa sura zilikuwamo.

Taarabu ya Dar es Salaam ya miaka ya 1990 nayo ilikuwa na mahasimu wake: Khadija Kopa wa Tanzania One Theatre, kikundi cha CCM kilichoanzishwa 1992, na Nasma Khamis wa Muungano. Hata hivyo, dhihaka yao ilificha sura. Wimbo wa Nasma, “Sanamu la Michelini”, uliazima picha iliyokwisha kuenea duniani, yaani mtu wa matairi aliyebuniwa Ufaransa mwaka 1898. Hadhira ndiyo iliyomvisha Kopa sanamu hilo.

Uhakiki huu unadai kuwa khanga, chapa maarufu zaidi ya kejeli katika pwani yetu, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Jina la khanga kama “Hasidi hana sababu” halimtaji hasidi. Mwanamke wa Somanga anayenunua doti, mbali na majukwaa ya Dar es Salaam, hapati ugomvi uliokwisha kamilika. Hupata kauli yenye nafasi wazi, naye huijaza kwa kuchagua siku ya kujitanda na mlango wa kupita. Hapo mvaaji ndiye mwigizaji, na uchochoro ndio jukwaa.

Kwa sababu hiyo, mazoea ya kukusanya majina ya khanga na kuyapanga chini ya vichwa vya “wivu”, “mapenzi” na “dini” yanapunguza fasihi hii kuwa orodha ya methali. Yanaficha pia ukali wake. Aliyechorwa London angeweza kulalamika kwamba ametukanwa. Anayepitiwa na khanga hawezi: akijibu, amekiri kuwa yeye ndiye hasidi. Ukimya wa mlengwa ni sehemu ya matini.

Mtafiti anayerekodi maandishi pekee, bila mvaaji, tukio na aliyekusudiwa, amehifadhi kitambaa na kuupoteza mpasho.