Bandari ni Saa: Ustadi wa Kutia Nanga Pwani na Ziwani

Katika stadi zote za ubaharia, kutia nanga ndiko kunakosifiwa kidogo zaidi, pengine kwa sababu macho ya watu wa nchi kavu huvutwa na tanga lililojaa upepo kuliko chombo kilichosimama, na kwa sababu anayetazama kutoka ufukweni hudhani kwamba chombo kilichotulia kimekwisha kumaliza kazi. Kwa nahodha mambo ni kinyume chake. Kwenye maji makuu ana nafasi ya kukosea na kujirekebisha, ilhali karibu na nchi kavu, penye miamba, mafungu ya mchanga, mikondo na vyombo vya watu wengine, kosa la usiku mmoja laweza kumaliza mali ya miaka. Ustadi huo, kwa namna unavyotazamwa hapa, ni wa kuhesabu wakati kuliko wa kutafuta mahali: hakuna bandari iliyo njema siku zote, ila kuna iliyo njema kwa saa fulani, kwa mwezi fulani, na kwa chombo kinachozama majini kwa kiasi fulani.

Mji wa Chimala, uliopo wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, unaweza kuonekana kuwa mahali pa ajabu pa kuzungumzia nanga, kwani bahari iko mbali nao kwa mamia ya kilomita. Hata hivyo, milima inayosimama nyuma ya mji huo, ambayo barabara ya Matamba huipanda kwa kona 57, ni sehemu ya nyanda zinazogawa maji ya nchi. Yanayoshukia upande wa Chimala huingia bonde la Usangu, yakafuata Ruaha Mkuu kupitia Mtera na Kidatu, yakajiunga na Rufiji na kufika deltani, mkabala na kisiwa cha Mafia. Yanayoshukia upande wa pili huishia Ziwa Nyasa. Kwa hiyo aliyesimama Chimala ana njia mbili za maji, moja ya chumvi na moja ya maji baridi, na kila moja ina elimu yake ya nanga. (Ile ya kwanza, ni kweli, haifiki baharini kila siku: tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.)

Chombo kikikaribia mahali pa kutia nanga, kazi huanza kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama za pima, na pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, takriban mita 1.8. Baharia aliyesimama omo, yaani mbele ya chombo, huitupa bildi mbele zaidi, huiacha izame huku chombo kikiisogelea, na kamba inaposimama wima huisoma na kuita idadi ya pima kwa sauti, ili mshika usukani aliye tezi, yaani nyuma, asikie na kuamua. Chini ya risasi huwa pana kishimo kinachopakwa shahamu, nayo ikipandishwa huja na habari za huko chini: ikinata mchanga, nanga ina pa kujichimbia, ikinata tope zito, afadhali zaidi, ikirudi tupu, yenye mikwaruzo, chini ni mwamba, ambao ama utaikataa nanga ama utaishika moja kwa moja isitoke tena. Nanga nayo haishiki kwa uzito wake tu, bali kwa kuvutwa kwa ulalo, na ndiyo maana amari, yaani kamba ya nanga, hulegezwa hadi iwe ndefu mara kadhaa kuliko kina cha maji. Amari ikishakaza, mzoefu huiwekea kiganja. Ikitetemeka kwa mishtuko midogo midogo, nanga inakokota juu ya mawe. Ikikaza taratibu na kulegea taratibu, imeshika. Baada ya hapo huchagua alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, tuseme mnazi na pembe ya nyumba iliyo nyuma yake, na kila akiamka usiku huzitazama, kwa kuwa zikiachana, chombo kinakwenda.

Hayo yote ni hesabu ya wakati chombo kinapofika, na nahodha anayeishia hapo bado ni mwanafunzi. Katika Mlango wa Zanzibar, maji ya bamvua, yaani ya siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, wakati maji mafu, ya siku za katikati, hubadilika kwa kiasi kidogo zaidi. Jahazi linalozama mita 2, lililoingia hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, maji yakiwa yamejaa na kukuta pima 3, linaonekana kuwa na maji ya kutosha na ziada. Baada ya saa 6 na dakika chache maji yaliyobaki chini yake hayafiki hata mita moja na nusu, na jahazi limeegemea ubavu. Kupwelewa kwa namna hiyo, yaani kuachwa na maji juu ya nchi kavu, si balaa peke yake. Mabaharia wa pwani hii wamekuwa wakivipweleza vyombo vyao kwa makusudi ili kushusha mizigo, kusugua chini au kutia kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa za mbao, wakivitegemeza kwa gadi, yaani miti ya kuzuia pande zote mbili. Tofauti kati ya werevu na msiba ni siku iliyochaguliwa: aliyepanda fungu katika kilele cha bamvua huenda akasubiri takriban wiki mbili hadi bamvua nyingine imwinue, kwa sababu kila siku inayofuata maji hujaa kidogo kuliko jana yake, na tena hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50.

Ugumu huzidi katika kilele cha msimu, nacho kwa pwani ya Waswahili ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki unaovuma takriban Desemba hadi Machi, ambao kwa karne nyingi uliyaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na ambao siku hizi huvuma wakati mashua za watalii zinaposongamana mbele ya fukwe za Nungwi na Kendwa. Hapo swali haliwi tena kama maji yanatosha, bali kama pamebaki nafasi. Dereva wa lori anayelala Chimala akielekea Tunduma anaweza kulibana gari lake ubavu kwa ubavu na la jirani na kulikuta asubuhi palepale. Chombo kilicho kwenye nanga hakina raha hiyo, kwa sababu huzunguka nanga yake mchana na usiku kufuatana na upepo na mkondo, na kila kimoja humiliki duara lisiloonekana ambalo nusu kipenyo chake ni karibu urefu wa amari pamoja na urefu wa chombo chenyewe. Vyombo vyote vikilegeza amari kwa kiasi kinacholingana huzunguka kwa pamoja na havigusani. Akija mmoja asiyetaka kulegeza kama wenzake, au aliyelegeza kupita wote, mpango mzima huvurugika. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya bandari iliyojaa haihusu maji hata kidogo: anayekuja nyuma humpisha aliyetangulia, huuliza amari yake ni pima ngapi, na akiambiwa ahame, huhama.

Hata kanuni hiyo hutetereka wakati wa maleleji, yaani majira ambapo kaskazi imechoka na kusi, upepo wa kusini, haijashika, kwa kuwa hapo upepo huwa dhaifu na mkondo ndio wenye nguvu. Jahazi lililosheheni hufuata mkondo, mashua tupu hufuata upepo, na majirani walioishi kwa amani miezi mitatu hugongana usiku mmoja. Nahodha mwenye akili ya kutazama mbele huchagua mahali patakaposterehesha chombo chake upepo utakapogeuka, wala si pale panapokisterehesha sasa. Miji mingi ya kale ya pwani hii ilikaa mahali panapowezesha uchaguzi huo. Rasi ya Shangani, yaani ncha ya nchi ambayo Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa juu yake, ina maji pande zote mbili, hivyo upepo wa kusini ukikaza chombo huweza kujisitiri upande wa kaskazini, na kinyume chake. Nayo Kilwa Kisiwani ina mlango wa maji ya kina uliokingwa kati ya kisiwa na bara.

Swali hilo la kesho ni pia swali la kama chombo kitaweza kuondoka, na wageni waliolipuuza waliadhibiwa mbele ya macho ya watu. Tarehe 20 Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imesimama bandarini Zanzibar ikitengenezewa mitambo yake, isiweze kusogea, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipotokea alfajiri na kuizamisha. Wiki chache kabla yake, tarehe 13 Agosti, kule Liuli kwenye Ziwa Nyasa, wakati huo pakiitwa Sphinxhafen, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikutwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo na kupigwa mizinga na meli ya Kiingereza Gwendolen, huku nahodha wake akiwa bado hajapata habari kwamba vita vimeanza. Königsberg yenyewe ilikwenda kujificha katika delta ya Rufiji, ndani ya misitu ya mikoko, na kwa kipimo cha kujificha ni vigumu kutaja mahali palipochaguliwa vizuri zaidi: vinywa vingi vya mto, tope linalozuia meli kubwa zisifuate, miti mirefu inayofunika milingoti. Lakini Waingereza walipoigundua mwishoni mwa Oktoba walihitaji tu kuvilinda vile vinywa. Sitiri ikawa gereza, na tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo ikaangamizwa palepale na meli mbili zenye kuzama kidogo majini, Severn na Mersey.

Ziwa Nyasa lina shule yake. Halijui bamvua wala maji mafu, na usawa wake hupanda na kushuka polepole kwa majira ya mvua, hivyo anayetoka pwani huweza kudhani amefika mahali pa starehe. Tatizo liko chini na kusini. Chini, kwa sababu milima ya Livingstone hutumbukia ziwani bila kituo, na mashariki mwa Matema hatua chache kutoka ufukweni maji huwa ya kina ambacho amari ya kawaida haiwezi kukifikia. Kusini, kwa sababu huko ndiko hutoka mwera, upepo mkali unaotawala hasa kati ya Mei na Agosti na ambao, ukiwa umesafiri juu ya mamia ya kilomita za maji, hufika pembe ya Kyela na mawimbi yaliyokomaa. Mafundi wa ziwa hilo kwa hiyo wamejenga ustadi wao juu ya kutotia nanga. Wakisi wa Ikombe, wafinyanzi wanaojulikana, huvusha vyungu vyao kwa mitumbwi hadi upande wa Matema kuviuza, na mtumbwi ukifika huvutwa juu ya mchanga kabisa, nje ya mkono wa wimbi, mzigo wenyewe ukiwa wa aina isiyosamehe mshindo hata mmoja. Meli za abiria nazo, kwenye vijiji visivyo na gati, husimama mbali kidogo na kungoja mitumbwi iwajie watu. Hata palipo na bandari rasmi, kama Itungi, mchanga wa mito inayoshuka kutoka Rungwe umekuwa ukijaza maji, na kuonyesha tena kwamba bandari ya jana si lazima iwe bandari ya leo.

Vyombo vya kisasa vya kupimia kina kwa sauti na kuonyesha mahali kwa setilaiti vimepunguza kazi ya bildi, na si haki kuvibeza, maana vimeokoa wengi. Kinachobaki nje ya uwezo wake ni kujua kama nanga ya jirani imeshika, au kama jirani huyo amelewa. Katika maeneo ya hifadhi, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa 1995 ikiwemo, ustadi umeongezewa sharti jipya la haki: kuna mahali ambapo nanga yaweza kushika vizuri lakini haifai kushika, kwa kuwa inachokishika ni matumbawe yaliyo hai, na chombo hutakiwa kujifunga kwenye boya.

Mtihani mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa ukifanyika mwisho wa kaskazi pale pale Rufiji, ambako majahazi ya Ghuba yaliingia kupakia boriti za mikoko za kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Baharia Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 na jahazi la Kikuwaiti Bayan chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi na kuandika habari zake katika Sons of Sindbad mwaka 1940, aliiona kazi hiyo kwa macho yake. Chombo huingia deltani kikiwa chepesi, kikiruka mafungu ya tope kwa urahisi, na hutoka kimejaa boriti hadi juu, kikizama zaidi sana, kupitia mafungu yaleyale. Isitoshe, miezi hiyo ya kaskazi ndiyo miezi ya mvua huko Mbeya, na mto uliopokea maji ya Usangu hufika deltani umevimba, ukihamisha mafungu na kuyafanya maji ya vinywa vyake kuwa baridi kuliko ya bahari. Chombo huzama zaidi katika maji baridi kuliko katika maji ya chumvi. Kwa jahazi la kuzama mita 2 tofauti hufikia kama sentimita 5. Nahodha anayechagua pa kutia nanga siku ya kuingia, bado hajapakia hata boriti moja, hujumlisha mzigo atakaopata, bamvua itakayokuwapo siku ya kutoka, na upana wa vidole vichache kwa ajili ya mvua iliyonyesha Chimala, kisha ndipo huamuru nanga iachiwe.