Namna ya Kuipima Stebilaiza ya Trekta

Imekuwa ada mbovu zama hizi kumsifu fundi kwa wepesi wa mkono na wekundu wa rangi aliyoipaka. Na juzi nilisikia watu wazima, wenye mashamba na trekta zao, wakiistaajabia stebilaiza, kile chuma kizuiacho mikono ya nyuma ya trekta isiyumbe pembeni, iliyoundwa kwa nondo, ilhali kwa mtu aijuaye kazi hiyo haikustahili hata kufungwa. Sifa isiyo na insafu huwadhulumu mafundi wema, ambao hukosa wateja huku laghai akipata wanafunzi.

Limbukeni aghalabu huinama, akapitisha kidole juu ya mshono wa kuchomelea, akaridhika. Mshono si neno. Itazame pini ya mbele. Katika mfumo wa kufungia zana nyuma ya trekta wa Harry Ferguson, uliotapakaa kwa trekta yake ndogo ya TE20 iliyoanza kuundwa 1946, mikono ya chini hupanda na kushuka ikizunguka vifundo vyake vya mbele. Kwa hiyo stebilaiza ya chuma bapa sharti izunguke juu ya mhimili uo huo, pini na kifundo vikiwa mstari mmoja. Pini ikipanda kidogo tu, au ikirudi nyuma, masafa baina ya ncha mbili hubadilika kila mkono unyanyukapo, na chuma, kwa kuwa hakirefuki wala hakifupiki, hukaba, hata bapa likapinda, tundu likawa yai, breketi inayoishika pini ikapasuka, na mwenye trekta akaenda kufungua haidroli isiyo na kasoro.

Fundi mmoja mzee wa mashamba ya mkonge, upande wa Korogwe, hakuchomelea breketi kamwe kabla ya kupitisha ufito wa chuma ulionyooka katika tundu lake, ncha ikielekea katikati ya kifundo. Kisha aliishikiza breketi kwa nukta mbili tu za moto, akainyanyua mikono mitupu polepole, vidole vyake vikiizungusha pini safari nzima. Ikigoma popote, aliikata breketi akaanza upya, hata kama mvua za masika zimekaribia na mwenye shamba amesimama akihimiza. Laghai, kinyume chake, hulijaza tundu la yai kwa moto, akalitoboa tena kwa kukisia, akalifunika kwa rangi.

Bolti itumikayo kama pini iwe na alama ya 8.8 kichwani, na nyuzi zake zisilale ndani ya tundu. Nondo si pini. Kingo za bapa zipigwe tupa mpaka zisikwaruze kiganja, kama zilivyopigwa katika karakana za zamani, ambako kijana alishika tupa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kushika moto. Bapa lisilopigwa tupa silikubali.

Minyororo, nayo huzuia mikono isiyumbe, ina sheria yake. Kwa plau iache nafasi, jembe liufuate mfuo, na bapa lenyewe livuliwe kabisa. Mikono ikipanda, minyororo ikaze ili plau isipige matairi. Ukinunua mnyororo uliotumika, chungulia ndani ya pete, pale zinapogusana: iliyolika hapo itupwe, wala isijazwe moto.

Nawe mwenye trekta, usitoe malipo mpaka umeiona mikono ikipanda na kushuka mbele ya macho yako, pini ikizunguka kwa vidole viwili. Ikigoma, mwambie fundi aikate breketi aanze tena.