Ngonjera za Watoto wa Shule: Nani Asemaye?

Siku ya mahafali ya darasa la saba, katika shule nyingi za msingi za Tanzania, mambo hufuatana kwa taratibu ile ile. Wageni wakiisha kuketi chini ya turubai au chini ya mwembe, kwaya huimba, risala husomwa, kisha watoto wawili, au kumi waliogawanyika makundi mawili, hujitokeza mbele kutoa ngonjera. Mmoja amevaa nguo zilizochanika, mwenziwe amevaa sare safi. Mwenye matambara huuliza na kubisha, mwenye sare hujibu. Zikiisha kupita beti nane au kumi, mwenye matambara huinamisha kichwa, husema kwamba sasa ameelimika, nao hushikana mikono na kumwinamia mgeni rasmi. Watu hupiga makofi, na akina mama hutoka mbio na shilingi zao kuwatuza.

Nami hupiga makofi pamoja nao, maana si kazi nyepesi mtoto wa miaka 12 kusimama mbele ya kijiji kizima na kutamka mistari 40 bila ya karatasi. Wako watoto ambao hawakupata kusikiwa sauti zao mwaka mzima, wakasikiwa siku hiyo. Lakini mtu atakaye kulipima shairi hana budi kuuliza maswali mawili: lina nini ndani yake, na ni nani asemaye humo? Katika ngonjera nyingi za shuleni ni hilo swali la pili linalonisumbua. Vinywa ni viwili, sauti ni moja, nayo si ya mtoto ye yote kati ya wale wawili. Ni sauti ya mwalimu aliyezitunga usiku, akakabidhi nusu kwa huyu na nusu kwa yule.

Yafaa tukumbuke asili ya jambo hili. Ngonjera ni shairi la majibizano, na umbo lake la kawaida ni ubeti wa mistari minne, kila mstari wenye mizani 16, vina vya kati na vina vya mwisho. Aliyezieneza kupita wengine ni marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, ambaye wasomaji wengine humjua zaidi kwa tenzi zake za Injili na za Zaburi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 washairi waliombwa kuyafikisha mafundisho yake kwa watu, naye akaitumia ngonjera kwa kazi hiyo. Alikufa mwaka 1969. Vitabu vyake viwili, Ngonjera za UKUTA, vilitolewa mwaka 1970 na 1971, na umbo lile likaota mizizi shuleni. Sababu yaonekana wazi: ngonjera haihitaji jukwaa wala gharama. Yatosha watoto wawili na uwanja uliofagiwa.

Kwa kazi ya wakati ule, kumweka asiyejua mbele ya ajuaye lilikuwa jambo la kufaa, kwa kuwa kulikuwa na habari mpya ya kuelezwa. Ila jambo moja lanishangaza. Mwaka huo huo wa 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na humo alitaka shule imlee mtoto awe na akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine huku akiweza kukataa lisilomfaa, tena ajiamini. Ngonjera zilichukuliwa ziwe mtumishi wa fikira za wakati ule. Lakini tazama zilivyogeuka mikononi mwa shule zetu: mdadisi ndiye avaaye matambara.

Majibizano ya kweli hayakuwa hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka wa Mwinyi Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi juu ya ugomvi wa miji yao. Kila mmoja alikuwa na watu nyuma yake, na kila mmoja alijitungia mwenyewe. Hakuna aliyemtungia mwenziwe beti dhaifu ili apate kumshinda. Na kama hao wako mbali nasi, twende kwenye vitendawili vya jioni, ambavyo kila mtoto huvijua. Aliyeshindwa kutegua huambiwa atoe mji. Ameshindwa, naam, lakini bado ana mji wa kutoa, na yule mtegaji hana budi kuuomba. Heshima hiyo ya mshindwa siioni katika ngonjera za mahafali.

Tuchukue ngonjera za utoro, maana ndizo zisikikazo mara nyingi. Mtoro wa ngonjera husema nini? Husema kwamba shule ni kupoteza wakati, kwamba mchezo ni mtamu kuliko kitabu, kwamba atatajirika bila ya kujua kusoma. Mimi sijamsikia mtoto wa kijijini asemaye hivyo kwa moyo wake. Mtunzi amemnyima sababu ili amwangushe upesi, kama mtu ashindanaye mweleka na mgomba. Matokeo yake shairi hufa mapema. Kufika ubeti wa pili wasikilizaji wote wamekwisha kuujua mwisho, na beti zilizobaki ni kungoja tu.

Nao watoro wa kweli huwapo uwanjani siku hiyo, wamesimama nyuma ya watu, karibu na ua. Wao wanazijua sababu zao: ng'ombe wa baba, mdogo mgonjwa, kisima kilicho mbali, sare iliyochanika kweli kweli, fimbo iwangojayo waliochelewa. Husikiliza, huona kwamba yule mwenye matambara si wao, nao huondoka kama walivyokuja. Basi ngonjera imemhubiria nani? Imewahubiria wale ambao hawakuwa watoro.

Sasa tujaribu kumpa mtoro huyo sababu moja tu iliyo ya kweli. Ubeti ufuatao si wa ustadi. Nimeutunga mwenyewe ili kuonyesha njia:

Kukicha nikiamka, mbuzi nafungua mimi,
Maji mtoni nateka, mama mgonjwa hasemi,
Shuleni jua lawaka, nafika sina ulimi,
Nikichapwa kwa kuchoka, kosa langu niambie.

Je, mwenye sare safi atajibu nini hapo? Hawezi tena kusema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, akaketi. Itambidi afikiri. Labda atasema kwamba jirani angeweza kuteka maji siku mbili kwa juma. Labda ataulaumu ukimya wa mtoto aliyeficha habari za mamaye, na mtoto atamjibu kwamba hakuna aliyemwuliza. Hapo ndipo ngonjera huanza kuwa ngonjera, kwa kuwa kila ubeti unazaliwa na ule uliotangulia, wala haukukaa tayari ukingoja zamu yake.

Liko na jambo la lugha. Mwalimu atafutaye vina hupelekwa na vina kokote viendako. Akihitaji kina cha "ti" huleta "mikakati", na mtoto wa darasa la tano huitamka mikakati hiyo kwa nguvu zote asijue kama ni kitu cha kuliwa au cha kuvaliwa. Mikono nayo ina utumwa wake: wa kulia huinuka penye kina cha kati, wa kushoto penye kina cha mwisho, ubeti baada ya ubeti, hata pale maneno yanaposimulia msiba. Sauti hupanda na kushuka mahali pale pale. Mtoto aelewaye asemalo hainui mkono kwa sababu ya kina. Huuinua kwa sababu anamwonyesha mtu kitu. Mtu aweza kuzitambua ngonjera mbili hizi hata akiwa mbali, asisikie neno hata moja.

Wala kasoro hii haianzii uwanjani, huanzia darasani. Mwalimu akiingia, wote husimama na kumwamkia kwa sauti moja. Akiandika ubaoni, wote husoma pamoja, kisha hunakili. Akiuliza, "Mmeelewa?" darasa zima hujibu, "Ndiyo, mwalimu," na asiyeelewa hujibu kwa nguvu kupita wengine ili asitambulikane. Sisemi haya kwa kuwadharau walimu. Ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, watoto waliingia shuleni kwa wingi, na lilikuwa jambo la heri. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo huo. Mtu aliyepewa watoto 80 au 100 katika chumba kimoja hana njia nyepesi ya kumsikia mmoja mmoja. Jibu la pamoja ndilo daraja lake la kuvukia saa. Lakini yatupasa tujue kwamba tukiisha kumzoeza mtoto miaka saba kuitika pamoja na wenziwe, tusistaajabu akisimama mahafalini na kuitika peke yake.

Risala ya wanafunzi ni ndugu wa ngonjera katika jambo hili. Mtoto husoma kwamba madawati hayatoshi, nyumba za walimu ni chache, na shule haina umeme. Yote huwa kweli. Lakini kwa nini asemeshwe mtoto? Kwa sababu mwalimu huogopa kuyasema mbele ya mkubwa wake, na kinywa cha mtoto hakifukuzwi kazi. Ni werevu, na pengine madawati hupatikana hivyo. Hata hivyo kuna hasara isiyoonekana. Binti asomaye risala ile angeachiwa aongeze sentensi moja yake mwenyewe, huenda angesema kwamba mlango wa choo cha wasichana haufungi. Hilo halimo katika risala, kwa kuwa aliyeiandika hakukiingia choo hicho.

Mwalimu atanijibu kwamba watoto hawawezi kutunga. Naomba awasikilize saa ya mapumziko, wanapotaniana, wanaporuka kamba kwa nyimbo ambazo hakuna mkubwa aliyewafundisha, na wanapobishana ni nani aliyetoka mchezoni. Mizani wanayo masikioni tayari. Lililo gumu kwao ni vina viwili katika kila mstari, na hilo laweza kungoja. Wakianza kutunga, waachiwe kina cha mwisho tu. Jambo kubwa ni kuanza na yule mpinzani. Mwalimu awaulize watoto wa darasa la tano na la sita: mtu asiyetaka jambo hili angesema nini? Ayaandike majibu yao ubaoni kwa maneno yao yale yale, hata yakichoma. Kisha awaulize wangemjibuje. Wenye sikio jepesi wataanza wenyewe kuyapigia makofi na kuyahesabu, naye mwalimu atanyoosha palipopinda. Kazi hii yataka majuma matatu au zaidi, ambapo kukaririsha beti zilizokwisha kutungwa pengine hutaka moja. Hiyo ndiyo bei yake, wala sitaki kuificha.

Hofu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: mgeni rasmi asije akachukia. Hofu hii si ya bure, maana mwalimu aweza kuhamishwa, mtoto hahamishwi. Lakini hakuna aliyesema ngonjera ya watoto iwe ya kumtukana mtu. Yaweza kuhusu fimbo, au kazi za nyumbani ambazo wasichana hupewa na wavulana husamehewa, au kama ng'ombe mmoja auzwe ili mtoto aendelee na masomo. Tena si lazima mmoja wao ashinde. Ngonjera yaweza kukoma wakiwa bado wameachana kwa neno, kila mmoja akawageukia waliokaa na kuwauliza wao wasemaje. Wazee wetu baada ya chakula wangebishana juu yake mpaka usiku, na sijui ni sifa gani kubwa kuliko hiyo ambayo shairi laweza kuipata.

Sasa nigeuke kwenu wazazi, maana ninyi ndio waamuzi, hata kama hakuna aliyewapa cheti. Shilingi zenu huenda kwa mwenye sare safi. Safari nyingine mtazameni vizuri yule mwenye matambara. Mara nyingi ndiye aigizaye vema zaidi. Beti zake ni mbovu, hivyo hulazimika kuzitia uhai kwa uso na kwa miguu, na watu hucheka kwa sababu yake yeye. Mtuzeni huyo. Na ikitokea siku moja akauliza swali ambalo mwenziwe mwenye sare hakuweza kulijibu, na uwanja wote ukanyamaza, tafadhali msimwite mwalimu aje kuwamalizia.