Kipigo na Daftari: Elimu ya Mtoto wa Kike katika Rosa Mistika

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), aghalabu huhakikiwa kama hadithi ya malezi: ukali wa baba uliopita kiasi humpotosha binti. Usomaji huo una msingi katika matini yenyewe, lakini una kasoro moja. Unaichukulia shule kuwa mahali ambapo makosa ya nyumbani hudhihirika tu, na hivyo kuiondolea lawama. Makala haya yanashikilia kuwa riwaya hii inazishtaki taasisi zote mbili, nyumba na shule, na kwamba ubora na udhaifu wake umo katika namna mashtaka hayo yanavyoendeshwa.

Nyumbani kwa Zakaria, katika kisiwa cha Ukerewe, kipigo ndicho lugha ya mamlaka. Regina hupigwa na mume mlevi ilhali jasho lake ndilo linalowalisha watoto. Rosa naye anapigwa kwa sababu ya barua ya kijana mmoja. Hapa pana tofauti muhimu na Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Bwana Maksuudi humfungia Maimuna ndani, na ukuta unaomzuia huonekana kwa macho. Zakaria hamkatazi bintiye masomo. Anampiga kwa madai ya kumlinda, kisha anamwacha aende shule akiwa amekwisha kufunzwa jambo moja: kwamba mwanamume ni wa kuogopwa, na kwamba mwili wake Rosa ni mali inayolindwa na wengine.

Shule haimwondolei funzo hilo. Huko Rosary anawekwa mbali na wanaume pasipo kupewa maarifa ya kuishi nao. Katika chuo cha ualimu cha Morogoro, Thomas, mkuu wa chuo aliyekabidhiwa dhamana ya masomo yake, anaigeuza dhamana hiyo kuwa mtego. Neno “kupotoka”, linalopendwa na baadhi ya wahakiki, huficha uhusiano huu wa mamlaka. Charles anapomkataa kwa kuwa si bikira, anahitimisha tu hukumu iliyoanzwa na baba.

Udhaifu wa riwaya unajitokeza mwishoni. Rosa anapata kumjibu Zakaria waziwazi mbele ya Mungu, baada ya kujiua. Kesi hiyo inabaki ya baba na binti. Mkuu wa chuo hasimami kizimbani. Hivyo mwandishi aliyeuchora unyanyasaji wa shuleni kwa ujasiri anaurudisha mzigo wote katika familia.

Yaliyofuata nje ya matini yanaonyesha uzito wa suala hili. Riwaya ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, kana kwamba hatari ilikuwa katika kusoma habari za Thomas na wala si katika kuwapo kwake. Nchini humo, msichana aliyepata mimba alizuiwa kurudi katika shule ya serikali hadi zuio hilo lilipoondolewa Novemba 2021. Kwa miaka yote hiyo, adhabu ilimwangukia aliyebeba mimba. Mhakiki anayemhukumu Rosa kwa mwenendo wake tu anatumia mizani hiyohiyo. Haitoshi kuuliza iwapo msichana alifika shuleni. Yafaa kuulizwa pia nani alikuwa akimngoja huko, na kwa mamlaka gani.