Kilio Ndani ya Wimbo Mtamu

Msomaji, bila shaka umekwisha kuusikia wimbo wa «Malaika». Fadhili William Mdawida, aliyeurekodi pamoja na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa mwana wa Taita, kama jina lake lenyewe linavyoshuhudia. Juu ya mtungaji watu hubishana hata leo, na wengine humtaja Adam Salim. Lakini sauti iliyoutangaza kwanza ilikuwa ya Fadhili.

Wengi huusifu utamu wake, wakaishia hapo. Wewe yapime maneno. Aimbaye ni kijana ampendaye msichana, asiyeweza kumwoa kwa kuwa hana mali. Hamlaumu msichana, wala hawatukani wazee wadaio mahari. Autaja ufukara wake, basi. Nguvu ya wimbo imo katika upole huo. Kijana wa Voi asiye na kazi huuelewa bila kufasiriwa.

Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika sahani yao, na wageni wengi wakausikia kama bembelezo la mapenzi tu. Hao wana udhuru, kwani hawakijui Kiswahili. Sisi je? Twauimba arusini, mahari imekwisha kutolewa, tukasahau kuwa ni kilio cha aliyekosa kuoa!

Labda utasema kwamba wimbo walalamika bila kuonyesha njia. Ni kweli. Lakini mgonjwa asiyetaja maumivu yake hatibiwi. Usikilize tena, na safari hii msikilize kijana mwenyewe.