Slagi Huchaguliwa na Mtutu

Msimu wa kulungu unapokaribia katika majimbo ya Ohio, Illinois na Iowa nchini Marekani, maduka ya silaha hujaza rafu makasha ya slagi, na karibu kila kasha linaahidi shabaha. Mnunuzi husoma kasi, husoma uzito, kisha mara nyingi huondoka na lile lenye namba kubwa kuliko yote. Namba hizo hazimwambii anachohitaji kujua. Slagi ileile inayotoboa matundu matatu yaliyogusana katika bunduki ya jirani yake inaweza kutawanyika ukubwa wa sinia katika bunduki yake yeye. Shabaha hupatikana pale slagi na mtutu vinapokubaliana, na makubaliano hayo husomwa kwenye karatasi ya kulengea tu.

Shotigani ni bunduki ya marisau, ya ndege na sungura. Inatumikaje kwa mnyama mwenye uzito wa mtu mzima? Majimbo hayo ni tambarare, mashamba ya mahindi na soya yamepakana na nyumba za watu, na kwa miaka mingi sheria zao zilikataza raifo katika uwindaji wa kulungu kwa sababu risasi yake hufika mbali mno. Slagi ni kipande kimoja kinene kinachopakiwa ndani ya ganda la shotigani badala ya marisau, na unene huo huifanya ipoteze kasi upesi. Ohio ilianza kuruhusu baadhi ya raifo, zile za maganda yaliyonyooka, mwaka 2014, na majimbo mengine nayo yamelegeza masharti kwa namna yake. Hata hivyo slagi ingali silaha ya wawindaji wengi wa huko, kwa kuwa bunduki tayari iko nyumbani.

Ugumu uko kwenye mtutu wenyewe. Mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, na ndani ni laini kabisa. Risasi isiyozungushwa na mtutu haina kitu cha kuishikilia iende mbele ikiwa imenyooka. Gololi ya zamani ya madini ya risasi iligonga kuta za mtutu kushoto na kulia, ikatoka ikielekea upande iliposukumwa na mgongano wa mwisho. Mjerumani Wilhelm Brenneke alitafuta jibu mwaka 1898: alifunga kizibo chepesi nyuma ya kipande kizito. Mmarekani Karl Foster alikuja na lake mwaka 1931, slagi yenye kichwa kizito na kitako kilichochimbwa kikawa tupu. Wote wawili walitumia kanuni ya mshale: uzito ukitangulia mbele, mkia hufuata bila kupinduka.

Slagi hizi zina mistari ya mshazari ubavuni, na wauzaji wengi bado wanasema mistari hiyo huizungusha slagi hewani. Mzunguko unaotokana nayo ni mdogo mno kuweza kuinyoosha. Kazi yake ya maana ni kuyapa madini nafasi ya kubanwa pale mtutu unapojifinya mdomoni, ili slagi ipite bila kuudhuru. Mwindaji anayeamini kuwa mistari hiyo ni sawa na mifereji ya ndani ya mtutu wa raifo, inayoizungusha risasi, atapiga kulungu aliye mbali kuliko uwezo wa slagi yake, na atakayelipa ni mnyama.

Hebu tuupime uwezo wenyewe. Slagi ya kawaida ya Foster ya geji 12, yenye uzito wa gramu 28 hivi, hutoka mdomoni kwa kasi ya mita 475 kwa sekunde. Ikifika yadi 50 imebaki na mita 360 hivi, na kabla ya yadi 100 imeshuka chini ya kasi ya sauti, mahali ambapo hewa huisukasuka risasi yoyote isiyozunguka. Ukiwa umeilenga bunduki ipige sawasawa yadi 50, slagi hiyo itaanguka sentimita 13 hivi chini ya shabaha kwenye yadi 100. Sasa fikiria eneo la moyo na mapafu ya kulungu wa mkia mweupe: ni duara la sentimita 20 hivi. Mtutu laini unaokusanya matundu ndani ya sentimita 10 kwenye yadi 50 ni mtutu mzuri. Mtutu huohuo kwenye yadi 100 utahitaji sentimita 20 na zaidi, yaani duara zima limekwisha kabla hatujahesabu mkono unaotetemeka, upepo, wala mnyama anayetembea. Ndiyo maana mimi naichukulia yadi 75 kuwa mwisho wa mtutu laini, na hapo ni kwa mtu aliyefanya mazoezi.

Dawa ya kuvuka mpaka huo ilijulikana mapema. Afisa Mwingereza George Fosbery alisajili hataza mwaka 1885 ya bunduki laini yenye mifereji kwenye inchi chache za mwisho tu, na Holland & Holland wakaiunda kwa jina la Paradox. Marekani ilichelewa. Mitutu ya slagi yenye mifereji kuanzia chemba hadi mdomoni ilienea kwa wawindaji wa kawaida katika miaka ya 1980, ikiandamana na saboti. Saboti ni koti la plastiki linaloizunguka risasi nyembamba kuliko mtutu. Plastiki ndiyo inayoshikwa na mifereji, inazunguka pamoja na risasi, kisha hewa inalifumua koti hatua chache nje ya mdomo na risasi inaendelea peke yake, nyembamba, ikizunguka. Saboti nyepesi za leo hutoka kwa mita 600 hivi kwa sekunde. Mtutu ulioelewana nazo hukusanya matundu ndani ya inchi 2 au 3 kwenye yadi 100, na bunduki iliyolengwa yadi 150 hupiga sentimita 7 hivi tu juu ya alama kwenye yadi 100.

Kutokana na hayo, uamuzi wa kwanza haukwepeki. Mtutu laini upewe Foster au Brenneke. Mtutu wenye mifereji upewe saboti. Saboti ndani ya mtutu laini ni fedha iliyotupwa: hakuna cha kuizungusha, koti hufumuka vibaya, na risasi inaweza kufika kwenye karatasi ikiwa kiubavu. Foster ndani ya mtutu wenye mifereji haina hatari, na pengine itapiga vizuri mara chache za mwanzo, lakini madini laini hujipaka kwenye mifereji na shabaha huharibika haraka.

Uamuzi wa pili ndio wenye kazi. Mitutu yenye mifereji haifanani. Kuna inayotoa mzunguko mmoja kamili kila inchi 24, mingine kila inchi 35 au 36, na kina cha mifereji pamoja na upana wa ndani hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Makoti ya plastiki nayo yana unene na ulaini tofauti. Koti likiwa jembamba kwa mtutu huo, mifereji hulishika nusunusu. Likiwa nene, hubanwa likapindika. Hakuna jedwali linaloweza kulisema hili kabla ya kupiga. Ndiyo sababu wawindaji makini hununua kasha moja moja la aina tatu au nne, ghali kama zilivyo saboti, na kuyahesabu hayo kuwa sehemu ya gharama ya bunduki.

Kabla ya kulaumu slagi, chunguza bunduki. Shotigani nyingi za kukoki kwa kusukuma zina mtutu unaochomoka, na pale mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki huwa na mchezo kidogo. Kwa marisau si neno. Kwa slagi, darubini iliyofungwa juu ya mwili inatazama mahali pamoja huku mtutu ukielekea pengine kila baada ya mlio. Mafundi wameziba pengo hilo kwa njia mbalimbali: wengine hukaza mtutu kwa pini, viwanda huweka kishikizo cha darubini kwenye mtutu wenyewe ili viyumbe pamoja, na bunduki kama Savage 220 ya komeo zikauondoa mchezo huo tangu kiwandani. Savage 220 ni ya geji 20, yaani mtutu mwembamba kuliko wa geji 12. Kwangu hilo ni jambo jema, kwa kuwa geji 12 yenye ganda la inchi 3 hupiga bega kwa nguvu hadi mtu anajifunza kufumba macho kabla ya kufyatua. Anayeanza leo ningemwelekeza geji 20 bila kusita.

Upimaji wenyewe hauna miujiza. Bunduki iwekwe juu ya mifuko ya mchanga, bega likiwa na mto. Anza yadi 25 upate karatasi, songa yadi 50, kisha 100. Safisha mtutu unapobadili aina, kwa sababu mabaki ya plastiki ya aina moja huharibu hesabu ya nyingine. Acha mtutu upoe kati ya mlio na mlio. Kulungu atapigwa na mtutu baridi, kwa hiyo tundu la kwanza la asubuhi lina uzito kuliko yote yanayofuata. Matundu matatu yaliyobanana yanaweza kuwa bahati. Aina inayoelekea kushinda ipigwe tena siku nyingine, na ikiwezekana siku ya baridi, maana plastiki na baruti hubadilika tabia joto linaposhuka, na msimu wa bunduki huangukia wakati wa baridi.

Dhana kwamba slagi ni salama kwa sababu haifiki mbali nayo ina mipaka. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya kamati ya bunge la Pennsylvania mwaka 2007 ulionyesha kwamba bunduki ikipigwa ikiwa karibu usawa wa ardhi, slagi iliyogonga chini ikaruka inaweza kusafiri mbali kuliko risasi ya raifo. Ukuta wa udongo nyuma ya mnyama unahitajika kwa slagi kama unavyohitajika kwa raifo.

Aina moja ikishashinda, rudi dukani mapema ununue makasha ya kutosha yenye namba moja ya toleo, kwani hata aina ileile hubadilika kidogo kati ya toleo na toleo. Kisha andika kwenye kitako cha bunduki umbali ambao matundu yote yalibaki ndani ya sentimita 20 ukipiga bila mifuko ya mchanga, umekaa au umepiga goti kama utakavyokuwa shambani. Kulungu aliyesimama nje ya namba hiyo aachwe apite.