Safari ya Salme na Mumewe: Kumbukumbu na Barua

Kitabu cha Emily Ruete, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 kwa jina la Salme binti Said, kilipigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1886, na wengi wamekisifu kwa habari zake za jumba la Mtoni na desturi za watu wake. Sifa hizo ni haki yake. Lakini msomaji atafutaye humo habari za mke na mume waliosafiri pamoja ugenini atatoka mikono mitupu. Ndoa yake na Heinrich Ruete, mfanyi biashara wa Hamburg, iliyofungwa Aden mwezi wa Mei 1867; kuondoka kwao mara baada ya ndoa; kupita Marseille hata kufika Hamburg: yote hayo yamebanwa katika maneno machache kuliko aliyoyatumia kueleza vyakula vya nyumbani kwa baba yake. Kumbe safari ya mwaka 1885, aliporudi kuitazama Unguja akiwa mjane pamoja na watoto wake, imeandikwa kwa kirefu.

Upungufu huu hautokani na kusahau. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa Aden Desemba 1866, alifariki katika safari ile ile ya kwenda Ulaya, wala Kumbukumbu hazimtaji. Wanaokisoma kitabu hiki kama hadithi tamu ya mapenzi yaliyovuka bahari hawana budi kupima kimya hicho kwanza.

Barua zake, zilizotolewa kwa Kiingereza mwaka 1993, miaka mingi baada ya kufa kwake mwaka 1924, zajaza sehemu ya pengo. Humo mna joto la Bahari ya Sham, na mna mashaka ya mezani, kwa kuwa bibi aliyelelewa katika Uislamu aliogopa kila sahani isije ikawa na nyama ya nguruwe. Mambo hayo ni madogo, tena yachekesha kidogo, lakini ndiyo yenye uhai. Hapo yaonekana ya kuwa wawili hao walipanda merikebu moja bila kusafiri safari moja: mume alikuwa akirudi kwao, mke akiagana na kwao. Kiswahili kilikuwa lugha yao, na kwa kuwa yeye hakujua Kijerumani, mume ndiye aliyekuwa ulimi wake. Alipokwenda kazini huko Hamburg, mke alibaki kama bubu katika nyumba yake mwenyewe. Raha na taabu ya safari hiyo zilitoka katika chemchemi moja, yaani kumtegemea mtu mmoja kwa kila neno.

Hata hivyo Barua nazo zina kasoro. Ruete alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, na yote yameandikwa katika kivuli cha msiba huo. Mume atokea mwema mno, hana hasira wala uchovu, na sauti yake haisikiki kabisa. (Amliliaye marehemu hamhesabii makosa.) Tena mwandishi anamwandikia rafiki wa Unguja asiyetajwa jina, akimsimulia safari hiyo na upweke wake, naye amwandikia kwa Kijerumani, lugha ile ile ambayo siku ya kushuka Marseille hakuijua.